Mahindi, Mkopo na Njaa ya Mei

Mbegu chotara si ngeni magharibi mwa Kenya. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mahindi ya aina ya 611 yakatolewa mwaka 1964. Kilichomkwamisha mkulima mdogo wa Bungoma ni pesa za kununua mbegu hizo na mbolea kabla ya mvua ya Machi. Shirika la One Acre Fund, lililoanzia Bungoma mwaka 2006, liliingia hapo: wakulima hujiunga kwa vikundi, hukopeshwa pembejeo, hufunzwa kupanda kwa mistari na kupima mbolea ya kila shimo, kisha hulipa kidogo kidogo.

Hata mavuno yakiongezeka, njaa haiondoki yenyewe. Karo ya Januari humlazimu mzazi kuuza magunia bei ikiwa chini; ifikapo Mei ghala ni tupu, naye hununua mahindi yaleyale kwa bei ghali. Utafiti wa Marshall Burke na wenzake, uliochapishwa mwaka 2019, uliwahusu wakulima wa shirika hilo. Waliokopeshwa baada ya kuvuna walihifadhi mahindi na kuuza baadaye, wakapata faida iliyokaribia asilimia 30. Penye wakopaji wengi, bei sokoni ilipunguza kuyumba, ingawa faida ya kila mmoja ilishuka.

Mwenye kuhifadhi ahakikishe mahindi yamekauka hadi unyevu wa asilimia 13.5, maana yenye unyevu huota kuvu yenye sumu ya aflatoksini.