Damu ya Mzee na Hesabu ya Unyonge

Mzee ateremshwapo garini kutoka Molo au Subukia na kulazwa katika hospitali kuu ya Nakuru, jambo la awali ni kutolewa damu, na majibu ya maabara yarudipo husomwa moja moja, hili la figo, hili la sukari, kisha karatasi hutiwa jaladani. Ilhali wataalamu wa Kanada walibainisha mwaka 2014 ya kuwa majibu hayo hayo, yakijumlishwa pamoja na vipimo vya shinikizo la damu, huonyesha kadiri ya unyonge wa mwili wote, kwani vipimo 7 vilivyopotoka kati ya 23 hutoa hesabu ya 0.30, na hesabu ipandavyo ndivyo hatari ya mauti izidivyo.

Naiona njia hii kuwa neema kwa wodi ambamo muuguzi hana wasaa wa kuutazama mwendo wa kila mzee, lakini yataka hadhari. Kreatinini, ambayo kwayo figo hupimwa, hutokana na misuli. Basi mzee aliyekonda, ambaye ukimshika mkono ngozi yateleza juu ya mfupa, huweza kuonekana ana figo salama kumbe zimechoka. Tena Nakuru ipo zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, ambako wekundu wa damu huzidi ule wa watu wa pwani, hata kiwango kitoshacho Mombasa chaweza kuuficha upungufu wa damu wa mzee wa Molo.

Na daktari asiiandike hesabu hiyo kabla ya kumwuliza binti aliyeketi kando ya kitanda: mwezi uliopita, baba alikuwa akienda msalani peke yake?