Wazazi Wasibebe Mzigo Peke Yao

Mtoto akikataa shule na kulala nje, wengi wetu huona haya. Twafunga mlango, twampiga, twanyamaza. Naye azidi kuwa mgumu.

Yesu alipokuwa na miaka 12, Maria na Yosefu walimkosa njiani walipotoka Yerusalemu. Yesu hakutenda kosa, lakini uchungu wa wazazi ulikuwa mkubwa. Wala hawakuuficha: walimtafuta kwa jamaa na rafiki, wakarudi mjini pamoja, wakamwona Hekaluni baada ya siku 3. Hapo Maria alimwuliza sababu, akayatunza maneno yake moyoni.

Basi nasi tuwaendee wengine: mjomba, msimamizi wa ubatizo, wazee wa shirika. Mara nyingi mtoto hupokea kwa mjomba neno alilolikataa kwa baba. Leo jioni, kabla ya kushika fimbo, tubishe hodi kwa mmoja wao.