Nyumba ya Mtumishi Ina Milango Miwili

Hotuba ya Afisa Maendeleo ya Jamii katika mkutano wa hadhara wa kata



Lipo lalamiko linalorudi katika kila mkutano: mganga amepewa nyumba hatua chache kutoka zahanati, mbona usiku hafungui mlango? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu bila kumtetea mzembe.

Nyumba za watumishi zilijengwa kwa sababu ya maana, na nyingi zilianza kwa nguvu za wananchi: mawe, mchanga, matofali na siku za kazi. Kwa mtumishi ni motisha kubwa, kwani humwondolea kodi na safari. Kwetu sisi ni tumaini kwamba mama aliyeshikwa na uchungu saa nane za usiku atampata mtu. Lakini wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ndani ya nyumba ile mna mwenzi wa ndoa, mna watoto wanaosubiri kukaguliwa madaftari, na mna mtu anayepaswa kuamka kesho na akili iliyotulia ili akadirie dozi ya mtoto wako.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ililiona jambo hili. Inampa mfanyakazi angalau saa 12 mfululizo za mapumziko kila siku, na saa 24 kila juma. Kwa anayeishi mahali pa kazi, mapumziko ya siku yaweza kupunguzwa hadi saa 8, ila kwa makubaliano ya maandishi. Maana yake, nyumba ya kazi yaweza kupunguza mapumziko, haiwezi kuyafuta. Sheria hiyohiyo inaitambua kazi ya dharura isiyoweza kungoja saa za kawaida.

Basi mpaka na tuuweke hapo. Mama mwenye uchungu au anayetokwa damu, mtoto mwenye degedege, aliyeumwa na nyoka, aliyepata ajali: kwa hao bisheni hodi saa yoyote, na mtumishi wa zamu asiyeitika awajibishwe. Kuomba vidonge vya kichwa saa tatu usiku, au kumhoji mwalimu kuhusu matokeo ya mtoto naye anaosha vyombo uani, si dharura.

Mtaniambia, "Mchana tuko shambani." Ni kweli, hasa msimu wa palizi. Dawa yake ni kurekebisha saa za zahanati, si kuigeuza sebule ya mganga kuwa zahanati. Mgonjwa anayetibiwa sebuleni haandikwi katika rejista. Siri yake husikiwa na watoto wa nyumba. Akitoa fedha hapewi risiti. Mpaka ukifutika, mtumishi huikosa familia yake, nasi huzikosa haki zetu. Akichoka huomba uhamisho, na nyumba tuliyoitolea jasho hubaki na kufuli.

Napendekeza mambo matatu kwa kamati ya zahanati. Kwanza, ratiba ya zamu ibandikwe mlangoni, ikiwa na namba ya simu ya zamu, isiyo ya mtu binafsi. Pili, katika msimu wa kilimo, jioni mbili kwa juma zahanati ichelewe kufungwa, na saa hizo zifidiwe. Tatu, nasi maofisa tuache kudai taarifa kwa simu siku ya mapumziko ilhali jambo laweza kungoja Jumatatu.

Palipo na mhudumu mmoja tu, ratiba haitatosha. Hapo sauti zetu tuzielekeze kwa halmashauri iongeze mtumishi, wala tusizielekeze dirishani kwa yule aliyepo.

Ndugu wananchi, nyumba ile ina milango miwili. Mmoja unatazama zahanati, na huo ni haki yetu ukifunguliwa kwa dharura. Wa pili unatazama familia. Tukiuheshimu wa pili, wa kwanza utafunguliwa na mtu aliyelala, mwenye uso wa kutupokea.