Vitabu Vyetu vya Mwaka



Neno la kwanza aliloteremshiwa Mtume Muhammad (s.a.w.) lilikuwa amri ya kusoma. Lakini wengi wetu hapa Kibondo na Kasulu tulifunga vitabu siku tuliyomaliza shule, na wanetu wanatuona. Mzazi asiyesoma humhimiza mtoto kwa ulimi na kumrudisha nyuma kwa mfano wake.

Basi tupange vitabu vitatu vya mwaka. Kwanza, tafsiri ya Kurani Tukufu: juzuu 30 kwa miezi 12 ni juzuu mbili na nusu kila mwezi. Pili, kitabu cha lugha, kama Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954), chake Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, mkoani kwetu. Tatu, kitabu cha kilimo au afya.

Wakati wa mvua, jembe linapotwaa siku nzima, tusome kurasa chache. Kitabu kinene tukiwekee kiangazi, kuanzia Juni. Asiye na kitabu aazime, naye mwenye nacho asikifungie kabatini.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kumaliza tulichoanza. Amin.