Ulimi Mzito

(Mazungumzo ya asubuhi yaliyosomwa redioni. Fungu: Kutoka 4:10–16)

  Leo nataka tuzungumze juu ya mtu mwenye kigugumizi. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana bila kosa hilo nisingekuwa na habari ya kuwaletea.

Katika kanisa letu, upande wa Bahati, tuna desturi ya kuwapa vijana somo la kwanza Jumapili moja kila mwezi. Siku moja zamu ilimwangukia kijana wa miaka 13. Alikwenda mbele vizuri, akafungua Biblia, akasema, "Somo letu," kisha akakwama. Midomo ilifunga, shingo ikakaza, macho yakafumba. Huko nyuma mtoto mmoja akacheka, mama yake akamfinya. Mimi, mzee wa kanisa niliyeketi kiti cha mbele kabisa, niliinuka, nikamshika kijana bega kwa upole, nikaichukua Biblia mkononi mwake, nikasoma mpaka mwisho. Baada ya ibada wengi walinishukuru. Walisema nimemwokoa mtoto.

Jumapili tatu hakuonekana. Ya nne alikuja nyanya yake peke yake, akaningoja mlangoni watu wote watoke. Akaniuliza, "Mzee, siku ile ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Jioni ile nilikwenda kwao kuomba msamaha. Kijana alinisikiliza, halafu akataka kusema neno, na neno hilo lilichukua muda. Safari hii nilijizuia, nikakaa kimya. Hatimaye likatoka: "Nilikuwa karibu kulitoa."

Ndugu msikilizaji, tangu hapo nimejitahidi kujifunza jambo hili ambalo nilidhani nalijua. Sisi tuliokua vijijini tuliambiwa mengi. Tuliambiwa ukimwiga mwenye kigugumizi nawe utakipata. Tuliambiwa ni woga, au ni mtoto aliyepigwa sana, au akili yake ni nzito. Hayo si kweli. Kigugumizi huanza mara nyingi mtoto akiwa na umri wa miaka 2 hadi 5, na watoto wengi wanaokipata hukiacha wakikua. Katika watu wazima, kama mmoja katika kila mia hubaki nacho, na wanaume ni wengi kuliko wanawake. Kinafuata ukoo, na mwaka 2010 watafiti wa Marekani walitangaza kuwa wamepata baadhi ya chembe za urithi zinazohusika. Woga hukizidisha, lakini siyo unaokizaa. Mwenyewe anajua kabisa neno analotaka kusema. Neno liko tayari. Njia ndiyo imeziba.

Na hili lilinishangaza zaidi: mwenye kigugumizi kwa kawaida huimba bila kukwama. Akisoma pamoja na wengine kwa sauti moja, mara nyingi hasiti. Nilikumbuka kwamba kijana yule yumo katika kwaya, sauti ya tatu, na hatukuwahi kumsikia akikwama katika wimbo wala katika Sala ya Bwana. Miaka yote ile tulikuwa tukimsikia vizuri bila kujua kwamba tunambeba.

Sasa tumtazame Musa. Alipoitwa pale kwenye kijiti kinachowaka, alijitetea kwamba yeye si msemaji, kwamba kinywa chake na ulimi wake ni vizito. Wataalamu wa Maandiko hawapatani kama kilikuwa kigugumizi hasa, au kwamba lugha ya Misri ilikuwa imemtoka baada ya miaka mingi ya kuchunga kondoo. Tena Stefano, katika Matendo sura ya 7, anamsifu Musa kuwa hodari wa maneno. Mimi sitaamua ugomvi huo. Ninachokiona ni hiki: Mungu alimwuliza ni nani aliyemfanyia mwanadamu kinywa, akamwahidi kuwa pamoja na kinywa chake. Musa aliposhikilia kwamba atumwe mwingine, Mungu alikasirika. Lakini hata katika hasira hiyo alimpa ndugu. Haruni atasema mbele ya watu, Musa atampa maneno. Ujumbe ulibaki kuwa wa Musa. Na katika sura ya 6 bado tunamsikia akilalamikia midomo yake, basi ulimi haukuwa mwepesi hata hapo, na kazi ilikuwa imekwisha kuanza.

Haruni hakutumwa achukue fimbo ya Musa na kumwambia akakae chini. Hapo ndipo mimi niliposhindwa.

Wazee wetu wanalijua jina la Mfalme George wa Sita. Askari wa K.A.R. waliopelekwa Abisinia na Burma walipigana chini ya taji lake. Tuna yetu ya kusema juu ya utawala ule, hasa sisi wa Bonde la Ufa tunaojua ardhi hii ilipita mikononi mwa nani. Leo lakini nazungumza juu ya koo la mtu. Alikuja Kenya mwishoni mwa mwaka 1924 pamoja na mkewe, wakati huo bado ni mtoto wa mfalme tu. Mwaka uliofuata, tarehe 31 Oktoba 1925, alisimama Wembley, London, kufunga maonyesho makubwa, akakwama mbele ya umati. Mwaka 1926 alikwenda kwa Lionel Logue, Mwaustralia ambaye hakuwa na shahada ya udaktari. Walifanya mazoezi ya kupumua, na walipitia hotuba neno kwa neno, mwaka baada ya mwaka. Tarehe 3 Septemba 1939 vita vilipotangazwa, mfalme alizungumza redioni, na Logue alikuwa chumbani mle amesimama naye. Kigugumizi hakikumwacha kabisa. Na redio, jamani, haina huruma: ukinyamaza sekunde tano msikilizaji anadhani stima imepotea. Mfalme huyo alifariki tarehe 6 Februari 1952, binti yake Elizabeth akiwa hapa kwetu, upande wa Nyeri.

Vijana watauliza, huyo wa zamani twamjuaje? Basi wanaijua filamu ya simba ya mwaka 1994, ambayo watengenezaji wake walifika Hell's Gate, hapo Naivasha, kutazama majabali. Sauti nzito ya Mufasa ilikuwa ya James Earl Jones, Mmarekani aliyefariki mwaka 2024 akiwa na miaka 93. Utotoni aligugumiza hata akaacha karibu kabisa kusema na watu, miaka kama minane. Mwalimu wake, Donald Crouch, aligundua kwamba kijana huyu anaandika mashairi, akamtaka alikariri shairi lake mbele ya darasa. Alilikariri, na hakukwama. Baadaye mtu huyo alisoma Agano Jipya zima kwa sauti, likauzwa katika kanda. Naye Joe Biden, rais wa Marekani kuanzia 2021 hadi 2025, alipokuwa mdogo alisimama mbele ya kioo akisoma mashairi ili auzoeshe uso wake.

Nawataja hawa kwa hofu kidogo, nisije nikamwambia mtoto kwamba atakuwa mfalme. Wengi hawatakuwa wafalme. Namfahamu mtu mzima ambaye alikuwa akipanda gari Nakuru kwenda Naivasha. Neno "Naivasha" halimtoki kondakta anapoharakisha, basi alikuwa akisema "Gilgil," anashuka Gilgil, analipa nauli ya pili. Alifanya hivyo miaka. Huyo naye ni mshiriki, anatoa sadaka kati yetu, na hakuna aliyejua.

Neno moja kwa wachungaji na wenzangu wazee, nanyi mnisamehe. Tumeona mikutano ambamo mtoto wa namna hii huitwa mbele, akawekewa mikono, akakemewa pepo kwa kipaza sauti, kisha akaamriwa aseme jina lake watu wote wasikie. Kumwombea si vibaya, mimi namwombea. Lakini someni Marko sura ya 7. Yule kiziwi mwenye utasi alipoletwa, Bwana Yesu alimtenga kwanza na mkutano, wakawa faraghani. Ninaona huruma kubwa katika hatua zile chache.

Wataalamu wa matamshi ni wachache nchini, na wengi wako Nairobi, lakini mzazi anayeweza asichelewe kumpeleka mtoto. Sisi wengine tunayo kazi isiyo na gharama. Usimmalizie neno. Usimwambie "pole pole" wala "vuta pumzi," kwa maana anafanya hivyo tayari. Mtazame usoni kama unavyomtazama mtu yeyote, na usikilize anachosema, usisikilize anavyosema.

Kijana wetu amerudi kanisani. Jumapili ijayo zamu ni yake tena, na somo ni hilihili la Kutoka sura ya 4. Tulimwambia asome mistari miwili tu. Amekataa, anataka yote 7, kuanzia wa 10 mpaka wa 16. Mchungaji ameondoa matangazo katikati ya ibada ili kuwe na nafasi, na vijana wa kwaya wamekubaliana asigeuke mtu. Nyanya yake ameniomba jambo moja: siku hiyo nikae kiti cha nyuma.