Tairi Lifaalo kwa Pikipiki ya Zamani

(Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya Mkutano Mkuu wa Wanachama, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama)



Wasemaji walionitangulia wamekwisha kueleza, kwa ufasaha nisioweza kuufikia, jinsi Chama chetu kilivyozaliwa na kukua katika miaka hii kumi. Mimi nimeagizwa na Halmashauri niseme juu ya jambo lionekanalo dogo, nalo ni matairi ya pikipiki za zamani. Naomba msicheke. Mazao yenu hayapimwi bila karani. Karani hafiki kijijini bila pikipiki. Na pikipiki haigusi barabara ila kwa vipande viwili vya mpira, kila kimoja hakizidi kiganja cha mkono. Juu ya vipande hivyo hukaa uhai wa mtu na, pengine, fedha za malipo ya kijiji kizima.

Pikipiki zetu nyingi, za Chama na za wanachama, zina umri mkubwa. Hapana aibu katika hilo, kwa maana injini iliyotunzwa haichoki upesi. Taabu ni kwamba viwanda na maduka hufuata vyombo vipya. Mwenye Honda XL125S, kwa mfano, pikipiki iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1970, ahitaji tairi la mbele la 2.75-21 na la nyuma la 4.10-18. Akiingia dukani hukuta yamejaa matairi ya pikipiki za abiria za siku hizi, ambayo aghalabu ni ya rimu ya inchi 17 au 18. La inchi 21 halionekani, na mahali pa lile la nyuma hupewa lolote lenye namba 18, na kuambiwa, "Chukua hili, litaingia." Neno hilo "litaingia" ndilo lililonisimamisha hapa leo. Tairi kuingia kwenye rimu ni jambo moja, na tairi kufaa ni jambo jingine.

Basi la kwanza ni kuijua namba iliyo halali ya pikipiki yako. Usiitafute katika tairi kuukuu lililomo, kwani huenda mwenye chombo aliyekutangulia naye aliambiwa "litaingia". Itazame katika kitabu cha pikipiki, au katika karatasi iliyobandikwa karibu na mnyororo. Ikiwa vyote vimepotea, vua tairi uisome rimu yenyewe, kwa maana rimu hupigwa chapa ya kipenyo na upana wake.

La pili ni kuielewa namba hiyo. Matairi ya zamani hupimwa kwa inchi. Likiandikwa 3.00-18, maana yake upana ni inchi 3, yaani milimita 76, na rimu yake ina kipenyo cha inchi 18. Kimo chake, kutoka rimu hadi juu, ni karibu sawa na upana. Matairi ya sasa huandikwa kwa njia nyingine, kama 90/90-18. Hapo 90 ya kwanza ni upana kwa milimita, bali 90 ya pili si milimita: ni kimo kikihesabiwa kwa mia, yaani asilimia 90 ya upana, ambayo ni milimita 81. Rimu yabaki kuhesabiwa kwa inchi kama zamani. Tena yako mengine yenye herufi, kama MH90-21, ambalo huhesabiwa sawa na 80/90-21.

Sasa na tufanye hesabu pamoja. Gurudumu lenye tairi la 3.00-18 lina kimo cha milimita 610 hivi. Ukitia 80/100-18 utapata 617. Ukitia 90/90-18 utapata 619. Tofauti ni ndogo, nayo ndiyo matairi yanayoshika mahali pa lile la zamani, madhali rimu ina upana unaoruhusiwa na mtengenezaji wa tairi. Lakini ukitia 100/90-18, kimo hufika 637, na upana huzidi ule wa kwanza kwa milimita 24. Tairi hilo litaingia, naam. Lakini rimu nyembamba italibana, mgongo wake utavimba kama mkate, na katika kona litayumba. Pengine litasugua mnyororo au madigadi, mpaka ubavu wake ukatike. Mwenye kulinunua kwa kupenda unene amelipia hatari yake mwenyewe. Na namba ya rimu haina mjadala hata kidogo: 18 ni 18.

La tatu ni uzito. Ubavuni mwa tairi mna namba na herufi, kama 52P. Namba 52 yaonyesha kwamba tairi hilo laweza kubeba kilo 200, na P kwamba laweza kwenda kilometa 150 kwa saa. Sisi wakulima mwendo haututii hofu sana kama uzito, kwa kuwa nyuma ya mwendeshaji aghalabu hukaa gunia. Usikubali namba ya uzito iliyo chini ya ile iliyowekwa na mtengenezaji wa pikipiki.

La nne ni umri, na hili lawagusa wenye pikipiki za zamani kuliko watu wote. Tairi lisilo na wanunuzi wengi hukaa rafuni miaka, nao mpira huzeeka hata usipotumika: hukakamaa, hupasuka nyufa ndogo, na hauishiki tena njia yenye maji. Kwa matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000, yako tarakimu 4 mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zisome kabla ya kutoa fedha. Kung'aa kwa tairi si upya wake.

Mengine nitayapitia upesi. Gurudumu la spoki kwa kawaida lahitaji mpira wa ndani. Basi ununue mpya wa kipimo kile kile pamoja na tairi, na utepe wa rimu usiachwe. Mshale ulio ubavuni uelekee upande gurudumu linakozungukia. Tairi la mbele lisivishwe nyuma ila likiandikwa kwamba lafaa pande zote mbili. Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, kwa kipimo cha kitabu, si kwa kubonyeza kwa kidole. Na katika kilometa 150 za kwanza mwendeshe kwa upole, kwa sababu tairi jipya huteleza.

Najua mwanachama mmoja moyoni mwake asema, "Katibu, hayo yote ni kweli, lakini lile linalofaa ni ghali, tena halipatikani; la mtumba lipo sokoni leo." Nami simlaumu. Mkulima anayesubiri malipo ya msimu hununua kile ambacho fedha yake yaweza kukifikia. Ila hapo, ndugu zangu, ndipo Ushirika unapoanza kazi. Mfanyabiashara hawezi kuagiza tairi moja la inchi 21 kwa ajili ya mtu mmoja. Lakini akiletewa hati ya matairi 40, ataagiza, na bei ataizungumza. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wale wafumaji na mafundi 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwezi wa Desemba 1844, hawakuanza na mambo makubwa. Walianza na unga, siagi, sukari na mishumaa, wakiazimia kwamba mwanachama apate kitu kisichoghushiwa kwa kipimo cha haki. Tairi la kipimo sahihi na la umri unaojulikana ni kitu cha namna hiyo hiyo.

Kwa hiyo naleta mbele yenu pendekezo la Halmashauri: kila chama cha msingi kiandike orodha ya pikipiki za wanachama wake, jina la chombo, namba ya tairi la mbele na la nyuma, na namba ya rimu, na kuileta ofisini kabla ya malipo ya msimu. Chama Kikuu kitaagiza kwa pamoja, na mtunza ghala hatapokea tairi lolote kabla ya kusoma tarakimu zake 4. Nawaombeni mliunge mkono, ili katika miaka kumi ijayo tusipoteze karani wala mkulima kwa ajili ya neno "litaingia".

Mungu akibariki Chama chetu.