Kamati Yenye Maarifa ni Kinga ya Mnunuzi
Mada kwa wananchi na wajumbe wa kamati za mazingira za vijiji na mitaa



Kiwanja cha bondeni huuzwa kiangazi. Mnunuzi huoneshwa ardhi kavu, bei huwa nafuu, na muuzaji huwa na haraka. Masika yakifika, maji hurejea mahali pake, kwani maji hufuata mkondo. Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, ni funzo kwetu sote. Mafuriko ya Desemba 2011 yaligharimu maisha ya watu, na baadhi ya familia zikahamishiwa Mabwepande. Miaka minne baadaye, nyumba za bondeni ziliwekewa alama ya X na nyingine zikabomolewa. Ajengaye mahali pa namna hiyo huweza kupata hasara mara mbili: ya maji na ya sheria.

Leo tunawazungumzia walio karibu zaidi na mnunuzi kabla hajatoa fedha yake, yaani wajumbe wa kamati ya mazingira.

Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971, ambao Tanzania ni mwanachama wake tangu mwaka 2000, unahesabu kuwa ardhioevu hata maeneo yanayoshika maji kwa msimu tu. Nchi yetu ina maeneo manne yaliyoorodheshwa chini ya mkataba huo: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa. Manufaa yake huwafikia hata walio mbali. Maji ya Kilombero humiminika Mto Rufiji, unaoendesha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere yenye uwezo wa megawati 2,115. Hata hivyo, ardhioevu nyingi ni ndogo, hazina bango wala mlinzi. Mlinzi wake ni kamati.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitambua kamati hizi, na katika kifungu cha 57 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka fukwe za bahari na za maziwa ya asili, kingo za mito, na mabwawa. Lakini sheria haijipimi yenyewe. Mjumbe asiyejua mita 60 zinaanzia wapi hawezi kumzuia muuzaji mwenye maneno mengi. Kwa hiyo tunashauri mafunzo ya kila kamati yaguse mambo manne.

Kwanza, kuitambua ardhioevu wakati wa kiangazi. Matete na mafunjo ni dalili. Udongo wa kijivu au mweusi wenye madoa ya rangi ya kutu, unapochimbwa kwa kina cha jembe, ni dalili nyingine kwamba maji hutuama hapo. Wazee wa eneo nao waulizwe maji yaliwahi kufika wapi.

Pili, kupima. Kamba ya mita 30 ikinyooshwa mara mbili kutoka ukingoni inatosha kuanzia kazi. Palipo na ubishi, aitwe ofisa mazingira wa halmashauri au mtaalamu wa Bodi ya Maji ya Bonde husika.

Tatu, kuandika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila ukaguzi uwe na tarehe, mahali, majina ya waliokuwapo na uamuzi uliofikiwa.

Nne, mipaka ya madaraka. Kamati hushauri, hukagua na kutoa taarifa. Haibomoi nyumba wala haipokei fedha ya kuruhusu ujenzi. Kijiji kikihitaji masharti zaidi, halmashauri ya kijiji hutunga sheria ndogo na kuziwasilisha halmashauri ya wilaya ili ziidhinishwe.

Vitendea kazi vyake si vya gharama kubwa: kamba, jembe, daftari, nakala ya sheria kwa Kiswahili chepesi, na ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi pale ilipo. Wananchi mna haki ya kuuliza katika mkutano mkuu wa kijiji, au wa mtaa, kama kamati yenu inavyo vitu hivi na ilipata mafunzo lini.

Nawe unayetaka kununua, usilipe hata kishika uchumba kabla hujafanya haya: kitembelee kiwanja pamoja na mjumbe wa kamati, waulize majirani kuhusu masika, omba kuoneshwa daftari la ukaguzi, kisha hakikisha katika ofisi ya ardhi ya halmashauri matumizi yaliyopangwa ya eneo hilo. Kumbuka kwamba muhuri wa serikali ya mtaa kwenye hati ya mauziano si kibali cha ujenzi. Muuzaji akikataa mjumbe asifike kiwanjani, huo ni ushauri tosha.

Ndugu wajumbe, neno lenu likisemwa mapema huokoa akiba ya miaka mingi ya familia moja, na huyaachia maji njia yake. Tunawatakia kazi njema.